Maswali Yenu: Mafao, Nyumba na Watoto Wenye Haraka

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wazima, au kwa watoto wao, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani nani ana sauti kwenye hela ya mzee. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua kuna wengi mko kwenye hali hiyo hiyo na mnaona aibu kuuliza.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kahama, mwakani natimiza 60 nastaafu kwa lazima. Nina miaka 35 kazini, zamani tulikuwa PSPF. Watoto wameshaanza vikao, mkubwa anataka tununue Hiace, anayemfuata anasema kuku wa mayai, mke wangu anataka tujenge vyumba vya kupangisha kwao Muleba, na kuna kijana wa kanisani ananiambia kuna sehemu ukiweka hela unapata asilimia 30 kila mwezi. Mimi mwenyewe hata sijui nitapata shilingi ngapi. Nianzie wapi?

Mwalimu, hongera kwa miaka 35, watu wengi sana wanajua kusoma kwa sababu yako. Tuanzie hapo ulipomalizia, kwenye shilingi ngapi, maana naona familia nzima inagawana hela ambayo hakuna hata mmoja aliyekaa chini kuipigia hesabu.

Kikokotoo, yaani hesabu ya mafao, kinachotumika PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, kinaenda hivi. Unachukua miezi yote uliyochangia unagawanya kwa 580, unazidisha na wastani wa mshahara wako wa mwaka, na huo wastani unatoka kwenye ile miaka 3 mishahara ilipokuwa mizuri zaidi ndani ya miaka 10 ya mwisho. Hapo unapata pensheni ya mwaka mzima kabla haijakatwa mkupuo, ile hela unayopewa yote mara moja ukistaafu. Nyie mliotoka mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF mlikuwa mnachukua nusu kwa mkupuo, mwaka 2022 ikashushwa kuwa asilimia 33, watu wakalia sana, na kwenye bajeti ya 2024/25 ikapandishwa kuwa asilimia 40. Hiyo asilimia 40 ya pensheni ya mwaka inazidishwa na 12.5 ndo mkupuo wako, na asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12 ndo unayopokea kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako.

Tuseme wastani wako ni milioni 1.2 kwa mwezi, yaani milioni 14.4 kwa mwaka. Miezi 420 ukigawa kwa 580 ukazidisha na milioni 14.4 inakuja kama milioni 10.4. Mkupuo wako unakuwa kama milioni 52 na pensheni ya mwezi kama laki 5 na elfu 21. Weka mshahara wako wa kweli hapo upate namba yako, alafu iandike kwenye karatasi mbele ya mama watoto.

Sasa angalia hizo namba mbili. Watu wote wanaiangalia hiyo milioni 52, lakini mimi ningekuwa wewe ningeiangalia hiyo laki 5 na 21, kwa sababu mshahara ulikuwa milioni 1.2 na hata baada ya makato ulikuwa unakuja zaidi ya hapo. Nyumba haitapungua matumizi kwasababu umestaafu, unga ni ule ule, LUKU ile ile, dawa za presha ndo zinaongezeka. Kwahiyo kazi ya kwanza ya mkupuo ni kuziba hilo pengo kila mwezi kwa miaka 20 na zaidi ijayo, na mambo mengine yote yanafuata nyuma ya hapo. Ukiliona hivyo utaelewa kwanini Hiace inanitia hofu.

Fanya hivi kabla hujastaafu. Kwa miezi mitatu andika kila shilingi inayotoka nyumbani kwenye daftari, kila kitu, hata vocha ya elfu moja. Wasomaji wachache wamewahi kunionyesha madaftari yao na kuna mstari mmoja huwa unawashtua wenyewe, michango. Harusi elfu 50, msiba elfu 20, send-off ya mtoto wa shemeji elfu 30, ujenzi wa kanisa, kipaimara, alafu mwezi unaofuata tena. Kuna daftari michango ilizidi chakula. Ulipokuwa na mshahara uliweza, lakini kwa pensheni lazima ukae na mwenzako mkubaliane kiwango cha mwezi, kikiisha kimeisha, na unamwambia mtu waziwazi kabisa kwamba mwezi huu nitakuja kusaidia kwa mikono. Mwalimu aliyestaafu hakuna atakayemshangaa.

Jambo lingine la kufanya sasa hivi ni makaratasi. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo cha mwisho, salari slipu, kitambulisho cha NIDA, taarifa ya michango. Kaa mezani uyapange yote na usome jina lako kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Utakuta barua ya 1990 na kitu imeandikwa Johanes, NIDA inasema Yohannes, benki ni Johannes. Kwako ni jina moja ila kwenye mfumo hao ni watu watatu, na mafao yanakaa yakisubiri kiapo wakati wewe mshahara umeshakatika. Rekebisha sasa hivi ukiwa bado una ofisi na afisa utumishi anayekujua. Hapo hapo uliza habari ya bima, kwa utaratibu wa NHIF mchangiaji akistaafu anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, lakini watoto na wategemezi wengine wanatoka kwenye kadi, kwahiyo yule wa chuo mtafutieni bima yake mapema.

Na kama una mkopo wa mshahara umalize. Usichukue mpya mwaka huu hata wakikupigia simu kila siku.

Haya, tuje kwenye mawazo ya familia. Nianze na yule kijana wa kanisani, jibu ni hapana, na usimpe hata laki moja ya kujaribu. Asilimia 30 kwa mwezi haipo popote kwenye biashara halali. Wewe unaikumbuka DECI, ile ya kupanda mbegu iliyoanguka 2009, walioingia hawakuwa wajinga, walikuwa walimu, manesi, wachungaji, na wa mwanzo walilipwa kweli kweli ndo maana wakawaita wenzao. Siku hizi imebadilika sura tu, iko kwenye simu na magrupu ya WhatsApp, ila hela ya kumlipa wa kwanza bado inatoka kwa anayekuja nyuma. Kijana anaweza kuwa anaamini anachosema kwa moyo wake wote, na bado hela yako ikapotea.

Hiace. Gari ya abiria ni kazi ya mtu anayelala nayo macho, leo tairi, kesho gia boksi, dereva analeta hesabu leo kesho anasema kulikuwa na faini. Mwanao kama anaijua hiyo kazi akakope mwenyewe kwa jina lake, kwa dhamana ya gari lenyewe. Wewe usiweke nyumba. Na kumbuka nyumba mnayoishi huwezi kuiweka rehani bila ridhaa ya mkeo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda, kwahiyo na yeye amwambie mtoto hapana kwa sauti yake.

Kuku sikatai, ila anza na 100 ukiwa bado kazini uone. Chakula ndo kinachokula faida yote, na ukikosea chanjo ya kideri wanaisha ndani ya wiki. Kama mwanao ana hamu kweli ataamka alfajiri kuwalisha hao 100 kabla hajaomba wa 1,000.

Vyumba vya Muleba hapa nisikilizwe vizuri na mama asinielewe vibaya. Nyumba ya kwenda kuishi uzeeni kwenu ni kitu kizuri na ina heshima yake. Vyumba vya kupangisha ni biashara, na biashara inataka wateja. Pale mnapotaka kujenga kuna nani anayepanga? Kuna chuo, kituo cha afya chenye watumishi wageni, soko kubwa? Ulizeni waliojenga tayari vyumba vyao vimekaa vitupu miezi mingapi kwa mwaka. Mimi nimeona nyumba nzuri za wastaafu vijijini, bati jekundu, madirisha ya aluminiamu, popo ndo wapangaji. Kama vyumba, afadhali viwili vitatu hapo hapo Kahama unapoviona kwa macho yako kila asubuhi, kuliko sita mbali.

Mimi ningefanya nini? Hela ikiingia, miezi sita ya mwanzo nisingeigusa zaidi ya madeni na marekebisho ya nyumba ninayoishi, bati linalovuja, tanki la maji, choo cha ndani maana magoti hayatakuwa kama zamani. Zilizobaki ningeziweka sehemu zinazolipa bila mimi kukimbizana. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinauzwa na Benki Kuu, unaanzia milioni 1, unafungua akaunti ya kuzitunzia inayoitwa CDS kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na riba inaingia kwenye akaunti kila miezi 6. Tuseme umeweka milioni 20 kwa riba ya asilimia 12, hiyo ni milioni 2.4 kwa mwaka, yaani milioni 1.2 kila nusu mwaka, ukigawa ni laki 2 kwa mwezi juu ya pensheni yako. Riba inategemea mnada na miaka unayochagua kwahiyo uliza siku hiyo. Na usifunge zote kwenye ya miaka 25, maana ukitaka kuiuza kabla ya muda inabidi uiuze sokoni na bei unaweza ukaikuta imeshuka. Sehemu nyingine weka UTT AMIS, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa Ukwasi ni mzuri kwa hela ya dharura kwasababu unaitoa ndani ya siku chache za kazi, na Jikimu au ule wa Hatifungani wana mpango wa kukulipa gawio kwa vipindi.

Watoto wape zawadi kama moyo unataka, kiasi mlichokubaliana na mama, wote sawa, siku moja, wakiwa wamekaa pamoja. Baada ya hapo hela imefungwa, na sababu waambie kweli, kwamba ukiimaliza wao ndo watakaokulisha.

Assalam alaykum. Mimi ni mjane niko Tanga, miaka 67. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, nyumba bado ina jina lake, mirathi hatukufungua kwasababu hakuna aliyegombana. Sasa kijana wangu wa kwanza anataka nisaini karatasi nyumba iende kwenye jina lake, anasema iwe rahisi baadaye, na nadhani anataka kukopea. Nina watoto wanne, wawili wa kike wameolewa. Namuamini mwanangu lakini usingizi sipati.

Waalaykum salaam, shikamoo mama, na pole kwa kuondokewa.

Usisaini. Na nakupa sababu ambayo unaweza kumwambia mwanao bila kugombana, tena ni ya kweli, huna uwezo wa kisheria wa kumpa hiyo nyumba. Nyumba ni ya marehemu mpaka mirathi ifunguliwe. Karatasi yoyote utakayosaini leo inaweza kuja kukutia wewe kwenye kesi, na dada zake wakija kudai miaka kumi ijayo wana haki kabisa.

Kwahiyo mkafungue mirathi, hata kama hakuna ugomvi, na kwa kweli wakati mzuri ni huu ambapo ugomvi haujaanza. Mnahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, mnakaa kikao cha familia mnachagua msimamizi, muhtasari unaandikwa na wote wanasaini, mabinti wakiwemo, alafu mnaenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa anaishi marehemu mnajaza fomu. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha inamteua msimamizi. Sheikh atawasaidia kupiga hesabu ya mafungu, lakini barua ya usimamizi inatoka mahakamani, na benki na ardhi wanataka hiyo.

Msimamizi siyo mmiliki. Hili watu hawalielewi na ndipo wajane wengi wanapoumia. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa kwa warithi na kurudisha taarifa mahakamani, kwenye Mahakama ya Mwanzo ni ndani ya miezi minne labda aongezewe muda. Akijiandikisha nyumba jina lake peke yake wengine wanarudi mahakamani kumshtaki. Na hakuna sheria inayosema lazima awe mtoto wa kiume wa kwanza, hata wewe mwenyewe unaweza kuwa msimamizi.

Kwa mafungu ya Kiislamu mke aliyefiwa na mume mwenye watoto ana thumni, moja ya nane, watoto wanagawana sehemu yao na wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Wazazi wa marehemu kama walikuwa hai na wao wana fungu. Lakini kabla hamjafika kwenye moja ya nane kuna swali nataka ujiulize. Kile kiwanja nani alilipa? Kama ulikuwa unauza khanga au maandazi na hela yako iliingia kwenye matofali, hiyo sehemu ni mali yako, haigawanywi kabisa. Tafuta risiti, tafuta fundi aliyejenga, tafuta jirani anayekumbuka, mseme kwenye kikao na iandikwe kwenye muhtasari.

Kuhusu mkopo, mwambie mwanao kwa upole kwamba nyumba anayolala mama yake siyo ya kubahatisha. Wakikubaliana wote wanne, andikeni kwamba wewe utaishi humo mpaka mwisho wa maisha yako na hakuna kuuza. Na fungu lako likishakuwa jina lako, andika wasia wako mwenyewe. Kwa Muislamu wasia hauzidi theluthi moja na hauendi kwa mrithi, kwahiyo kama kuna yule mjukuu yatima uliyemlea au msikiti, hapo ndo mahali pake. RITA wanaandaa na kuhifadhi wosia. Kama gharama ya wakili ni kubwa uliza wasaidizi wa kisheria wa wilaya, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatozi mtu asiye na uwezo.

Shikamoo. Babu yangu yupo Mbeya ana miaka 74, kila mtu hapo nyumbani anajua namba yake ya siri ya simu, na juzi amepigiwa na watu wanadai ana mkopo wa mtandaoni ambao yeye hajachukua. Wanamtukana na wametuma meseji mpaka kwa mchungaji. Tufanyeje?

Marahaba. Kwanza mtulizeni babu, hajafanya kosa lolote, mwambieni hivyo mara nyingi.

Nendeni naye duka la mtandao wake akiwa na NIDA yake, abadilishe namba ya siri akiwa peke yake dirishani. Kisha piga *106# kwenye simu yake uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, wazee wengi wanakuta kuna laini hawaijui na hiyo ndo inakopea. Ifungeni. Namba na meseji za hao wanaotukana zitume 15040 zikaripotiwe, na zihifadhini, nendeni nazo polisi. Msilipe chochote ili tu wanyamaze. Benki Kuu ilitoa orodha mwezi Novemba 2024 ya aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, angalieni kama hiyo imo.

Alafu kaeni kama familia mumtafute nani alishika simu siku hiyo. Inauma kusema lakini mara nyingi ni mtu wa humo ndani, mjukuu alitaka elfu 30 akabonyeza kukubali. Siyo lazima aaibishwe mbele ya ukoo mzima, ila alipe yeye. Na kama babu macho hayaoni vizuri kwenye simu, mchagueni mtu mmoja wa kumsaidia, mmoja tu, na kila muamala anamsomea babu kwa sauti kabla ya kuweka namba.

Mimi nafanya kazi Muscat, mama yangu yuko Unguja ametimiza 71. Natuma hela kila mwezi kwa kaka lakini nikienda likizo namkuta mama amekonda na dawa hana. Sitaki kugombana na kaka yangu. Na kuna ile hela ya wazee, anaipataje?

Mwanangu, hela ya wazee ni Pencheni Jamii, ni haki ya kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza 2016 ikiwa elfu 20 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa kuwa elfu 50. Aende kwa sheha wake na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, sheha ndo anayeanza kumtambua. Kama tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho siyo sahihi mshughulikie hilo kwanza.

Hela yako igawe. Ya dawa ilipie wewe moja kwa moja duka la dawa, wapo wenye maduka wanaokubali kulipwa kwa mwezi na wanakutumia picha ya risiti. Ya chakula vilevile kwa muuza duka wa mtaani kwenu. Ya mkononi mtumie mama mwenyewe kwenye laini yake, hata elfu 30, mtu mzima anataka awe na kitu chake cha kumpa mjukuu. Kaka umwachie kazi ya kumpeleka hospitali na umlipe nauli na muda wake waziwazi, maana yeye ndo anayeamka usiku mama akiugua na wewe uko mbali, na inawezekana kabisa hela yako ilikuwa inakula ada ya watoto wake kwasababu hana kazi na hakujua akuambieje. Muulize hilo kwa simu, siku ambayo hujakasirika, kabla hujabadilisha chochote.